Mchuma Janga na wa Kwao

Methali isemayo kwamba mchuma janga hula na wa kwao imezoeleka kutajwa kwa kulaumu. Kijana akiutia ukoo aibuni, mtu mzima akikopa asilipe, methali hiyo hutolewa na watu wakatikisa vichwa. Lakini maneno yake yakisomwa kwa utulivu yana jambo jingine ndani yake kupita lawama. Yanamtaja mchumaji, yaani mtu wa shamba. Yanalitaja janga kana kwamba ni tunda, kitu kinachokomaa mtini kikaingia pakachani. Na yanawataja wa kwao, wale watakaolila tunda hilo wapende wasipende. Methali haikusema ni akina nani hao wa kwao. Imemwachia msikilizaji ajaze mwenyewe, na katika kujaza huko ndimo limo swali zito la maadili.

Mkulima amelima kwa wakati, amepanda mbegu njema, amepalilia, amekesha akiwinga nguruwe. Kisha mbingu ikafunga miezi mitatu, au ikafunguka siku moja kwa gharika, na alichokusudia kukivuna kikawa makapi. Hasara hiyo ni ya nani? Je, ni yake peke yake, kwa kuwa shamba ni lake na faida nayo ingalikuwa yake? Au ni ya jirani zake? Au ni ya nchi nzima ambayo ingaliyala mazao yale? Na ikiwa nchi itatoa fedha kumfidia, fedha hizo ziitweje: sadaka, haki, au bei ya kura yake?

Maswali haya yapo kila palipo na jembe. Lakini ipo nchi iliyojaribu kuyajibu kwa sheria na kwa fedha nyingi, na iliyolibadili jawabu lake mara kwa mara, hata historia yake katika jambo hili ikawa mfano wa mjadala mmoja mrefu. Nchi hiyo ni Marekani. Uwanja wa mjadala wake ni kaunti, eneo la utawala ambalo kwa kiasi fulani hulingana na wilaya ya huku visiwani. Katika kaunti za mashamba, ambako ngano, mahindi au pamba huenea hadi upeo wa macho na nyumba huonekana mojamoja kwa mbali, malipo ya serikali kwa ajili ya mazao yaliyoharibika si habari ngeni. Ni sehemu ya maisha, kama msimu wenyewe.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 1880 ukame uliikamata Texas, na watu waliohamia upande wa magharibi wa jimbo hilo kwa matumaini ya ardhi wakajikuta hawana hata mbegu ya kurudishia mchangani. Baraza la Kongresi likapitisha mswada wa kutoa dola 10,000 zinunuliwe mbegu, zigawiwe katika kaunti zilizoungua. Kwa hazina ya nchi ile, kiasi hicho kilikuwa tone. Hata hivyo, tarehe 16 Februari 1887, Rais Grover Cleveland akaukataa mswada huo. Hoja yake ilikuwa kwamba Katiba haikuipa serikali ya taifa mamlaka ya kutoa fedha za umma kwa ajili ya kuondoa dhiki ya watu binafsi. Kwamba wananchi ndio wanaopaswa kuitegemeza serikali, wala si serikali kuwategemeza wananchi. Na kwamba msaada wa aina hiyo huwazoesha watu kutazamia malezi ya baba, ukadhoofisha uimara wao na kuufisha moyo wa kusaidiana baina yao. Akakumbusha pia kwamba wabunge tayari walikuwa na fungu la mbegu za serikali walilogawa bure kila mwaka, na kwamba wangependa wangeweza kulielekeza Texas.

Ni rahisi kumcheka mtu aliyeyanyima mashamba makavu gunia la mbegu kwa kutaja Katiba. Lakini hoja yake haistahili kichekesho. Alichokihofia kipo. Kijiji ambacho nyumba ikiungua watu huja na makuti na boriti bila ya kuitwa, kina kitu ambacho hakinunuliwi. Na kijiji ambacho nyumba ikiungua watu husubiri ofisa aje na fomu, kimekwisha kukipoteza kitu hicho. Jirani aletaye kibaba cha mchele humtazama mwenziwe usoni, akamjua, na kesho yake akajua kuwa na yeye atatazamwa vivyo hivyo. Fedha za hazina hazina uso. Cleveland aliona kwamba wa kwao, katika maana ya methali, ni wale wanaojuana.

Kosa la hoja yake limo katika tofauti baina ya nyumba inayoungua na mvua inayokosekana. Moto huchagua nyumba moja, ukaziacha arubaini za kuisaidia. Ukame hauchagui. Kisima cha jirani nacho kimekauka, ghala la shemeji nalo lina buibui, na muuza duka aliyekuwa akikopesha naye anadaiwa na aliye mjini. Wema wa jirani ni akiba ya mahali pamoja, na janga la mbingu huimaliza akiba hiyo yote kwa pigo moja. Katika hali kama hiyo, kumwambia mtu amtegemee jirani yake ni kumwambia mwenye njaa akaazime chakula kwa mwenye njaa. Hapana budi msaada utoke mbali, mahali ambako mvua imenyesha.

Na kwa kweli ulitoka. Watu wa sehemu nyingine walichanga. Clara Barton, mwasisi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, alikwenda Texas mwaka huohuo kujionea kwa macho yake. Na bunge la jimbo la Texas likatoa dola 100,000, mara kumi ya kile kilichokataliwa. Kwa hiyo ushindi wa Cleveland haukuwa ushindi wa jirani dhidi ya serikali. Serikali moja ilikataa, nyingine ikakubali. Kilichobishaniwa hasa kilikuwa mpaka: wa kwao waishie jimboni, au wafike hadi ukingo wa taifa?

Miaka isiyofika hamsini baadaye vumbi lenyewe lilijibu. Tarehe 14 Aprili 1935, siku iliyobaki katika kumbukumbu kwa jina la Jumapili Nyeusi, wingu la udongo liliifunika nyanda ya kusini hata mchana ukawa usiku. Maelfu ya familia walikuwa wakiyahama mashamba yao. Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na utata ambao Texas ya 1887 haikuwa nao. Udongo ule uliruka kwa sababu majani yaliyoushika kwa karne nyingi yalikuwa yamelimwa ili ipandwe ngano, wakati wa bei nzuri. Ukame uliletwa na mbingu, lakini vumbi lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake. Methali ilipata maana yake kamili: mchumaji alikuwa na sehemu yake katika janga alilolichuma. Je, aliyejichumia janga hupoteza haki ya kula na wa kwao? Methali yasema la. Hula nao. Ndio uchungu wake, na ndio huruma yake.

Taifa lilijaribu njia ya kati. Mwaka 1938 likaanzishwa shirika la serikali la bima ya mazao, nalo likaanza na ngano peke yake. Fikra ya bima ina uzuri wake wa kimaadili, nao unafaa kuangaliwa. Mwenye kupewa sadaka huinamisha kichwa. Mwenye kulipwa bima huinua kichwa, kwa kuwa alitoa chake kabla hajapatwa na alikitoa pamoja na wengine ambao hawakupatwa. Katika bima, wa kwao ni wale waliotia fungu moja katika mtungi mmoja. Huku pwani desturi ya kuchangiana mazishi na harusi imekuwa ikifanya kazi hiyo kabla ya kuwapo kampuni yoyote ya bima, na hapana mwenye kuona haya kupokea kutoka katika mtungi alioujaza mwenyewe.

Lakini mtungi wa mazao haukujaa. Ada ilikuwa kubwa, matumaini ya mkulima nayo ni makubwa kila anapopanda, na wengi hawakujiunga. Sheria ya mwaka 1973 ikaanzisha malipo ya moja kwa moja ya janga kwa wakulima wa ngano, pamba na nafaka za mifugo, pasipo ada yoyote. Mwaka 1980 Kongresi ikaamua kuyaondoa malipo hayo na kuipanua bima badala yake, serikali ikibeba sehemu ya ada. Ukame mkubwa ukaja mwaka 1988, ukawakuta wakulima wengi bado hawana bima, na Kongresi ikatoa mabilioni ya dola. Mwaka 1994 sheria ikasema kwamba anayetaka manufaa mengine ya kilimo lazima awe na bima ya chini. Miaka miwili haikupita, sharti hilo likalegezwa. Leo serikali hulipa kwa wastani zaidi ya nusu ya ada ya bima ya mkulima, na bado, mwezi wa Desemba 2024, sheria nyingine ya dharura ilitenga takriban dola bilioni 21 kwa hasara za miaka ya 2023 na 2024. Kila mara husemwa kwamba hii ni ya mwisho. Kila mara mbingu husema vingine.

Mchumi James Buchanan alilipa jambo hili jina katika insha yake ya mwaka 1975: mtanziko wa Msamaria. Mwenye huruma hujua kuwa akitoa leo, anayepewa huenda asijiandae kesho. Angependa kutangaza kabla ya msimu kuwa hatatoa, ili watu wajikinge. Lakini msimu ukifika na watoto wanalia, tangazo lake halina nguvu, na kila mtu alijua tangu mwanzo kuwa halitakuwa nayo. Huruma yake ndiyo inayoivunja ahadi yake. Basi afanyeje? Aufanye moyo kuwa jiwe ili neno lake liaminike?

Wapo wasemao ndiyo. Lakini katika maadili, ugumu wa moyo hauwi wema kwa kuwa una faida. Mpango wa mwaka 2018, uliolipia hasara za tufani na moto wa mwaka uliotangulia, ulijaribu jawabu la busara zaidi. Aliyekuwa na bima alilipwa sehemu kubwa zaidi ya hasara yake, kuanzia asilimia 70 hadi 95. Ambaye hakuwa nayo alilipwa asilimia 65. Na kila aliyepokea alitakiwa kununua bima kwa misimu miwili iliyofuata. Hapo mkono ulifunguliwa bila ya kusahau tofauti ya aliyejikinga na asiyejikinga, na aliyepokea aliondoka na wajibu pamoja na fedha. Si jawabu kamili. Ni jawabu la mzee wa mtaa, ambaye humsaidia kijana mkosefu na kumshika sikio wakati huohuo.

Baada ya swali la kutoa au kutotoa huja swali la nani apewe, na hapa ndipo kaunti inapojitokeza kwa umbo lake lote. Kwa kanuni za Wizara ya Kilimo ya Marekani, kaunti inaweza kutangazwa kuwa eneo la janga ikiwa angalau zao moja limepungua kwa asilimia 30, na kaunti zinazopakana nayo huingizwa pamoja. Tangu mwaka 2012 iko pia njia ya mkato: ramani ya ukame inayotolewa kila wiki ikionyesha kuwa kaunti imekaa katika ukame mkali kwa wiki nane mfululizo, tangazo hutoka pasipo kungoja hesabu ya shamba moja moja. Mwaka huohuo, ambao ukame wake ulikuwa mkubwa, zaidi ya kaunti 2,000 zilitangazwa. Tangazo peke yake hufungua hasa mlango wa mikopo ya dharura, lakini mipango mingine imekuwa ikilitumia kama kipimo cha nani apewe nini.

Mpaka wa kaunti ulichorwa na wapima ardhi kwa rula. Mawingu hayaujui. Barabara moja ya changarawe huwagawa wakulima wawili waliokosa mvua ileile, na mmoja akawa ndani ya tangazo, mwingine nje. Au wawili waliopata mvua tofauti wakawa wote ndani. Katika miaka ya 2002 na 2003 palikuwa na mpango wa kuwafidia wafugaji, uliogharimu dola bilioni 1.2. Ili kulipwa, mfugaji hakuhitaji kuthibitisha hasara; ilitosha awe na mifugo katika kaunti iliyotangazwa kuwa na janga, janga la namna yoyote. Mwaka 2006 gazeti la Washington Post lilieleza kwamba dola milioni 635 katika hizo zilikwenda kwenye maeneo yenye ukame wa wastani au yasiyo na ukame kabisa. Miongoni mwa waliostahiki ni wafugaji wa kaunti za Texas zilizotangazwa kwa sababu vipande vya chombo cha anga Columbia, kilichosambaratika tarehe 1 Februari 2003, vilianguka huko. Ng'ombe wao hawakudhurika. Kaunti yao ilikuwa katika orodha.

Watunzi wa mashairi watalielewa jambo hili upesi. Shairi linaweza kutimiza vina na mizani katika kila mshororo na lisiwe na neno. Kanuni imetimia, roho haimo. Lakini ingefaa pia kuuliza kwa nini kanuni ile ilitungwa hivyo. Haikutungwa na wezi. Ilitungwa na watu walioambiwa kwamba wakulima wanafilisika wakati makarani wanahakiki risiti. Kupima hasara ya kila mtu huchukua miezi, na mwenye deni benki hana miezi. Hivyo wakachagua upesi wakaacha uhakika. Wengine, kwa mipango mingine, wamechagua uhakika wakaacha upesi, na fedha zikafika shamba likiwa limekwisha kupigwa mnada.

Kila mgawaji wa msaada amesimama baina ya makosa mawili: kumpa asiyestahiki, na kumnyima anayestahiki. Hawezi kuyakimbia yote mawili. Akilikimbia moja hulikaribia jingine. Mwenye kuhesabu fedha huliogopa zaidi la kwanza, kwa kuwa huonekana katika daftari na gazetini. La pili halionekani. Aliyenyimwa haandikwi popote. Huuza trekta lake, akahama, na nyumba yake ikaota majani. Lakini kwa mizani ya ubinadamu la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu fedha iliyopotea hurudishwa na kodi ya mwaka ujao, na mkulima aliyeng'oka harudishwi. Jambo hili halihalalishi uzembe wa 2002 na 2003. Lamkumbusha tu anayeukemea kwamba lipo daftari la pili, lisiloandikwa.

Daftari hilo la pili ndilo lenye habari nzito kuliko zote. Mwaka 1933, bei ya pamba ilipoanguka, serikali ya Marekani ilianza kuwalipa wenye mashamba wapunguze pamba. Hayakuwa malipo ya ukame. Janga lilikuwa la soko. Lakini fedha zilipita mkononi mwa mwenye shamba, na aliyeshika jembe mara nyingi alikuwa mtu mwingine, anayelima kwa kugawana mavuno. Wenye mashamba wengi walizizuia fedha hizo, na kwa kuwa pamba ilipungua, wakawafukuza waliokuwa wakiilima. Katika Kaunti ya Poinsett, jimbo la Arkansas, karibu na mji mdogo wa Tyronza, mnamo Julai 1934 wakulima hao wasio na ardhi, weupe kwa weusi katika chama kimoja, jambo la hatari kwa mahali na wakati ule, waliungana kudai fungu lao. Serikali ilikuwa imekusudia kuwaokoa watu wa shamba. Ilipouliza ni nani mtu wa shamba, iliangalia hati ya ardhi.

Miaka sitini baadaye swali lilirudi kwa sura nyingine. Mipango ya kilimo ilikuwa ikisimamiwa katika kila kaunti na kamati iliyochaguliwa na wakulima wenyewe. Kwa nadharia, huo ndio ujirani alioutamani Cleveland: wanaojuana wanaamuliana. Lakini mwaka 1997 Timothy Pigford, mkulima mweusi wa North Carolina, pamoja na wenziwe, waliishitaki Wizara ya Kilimo wakisema kwamba wakulima weusi walinyimwa au kucheleweshewa mikopo na manufaa mengine, malipo ya janga yakiwa miongoni mwake, kwa sababu ya rangi yao. Mkopo wa mbegu uliofika baada ya msimu wa kupanda ni sawa na mkopo ambao haukufika. Mwaka 1999 mahakama iliidhinisha suluhu. Wengi wa waliokubaliwa walipata dola 50,000 kila mmoja, na jumla ya malipo ikapita dola bilioni 1. Mwaka 2010 sheria nyingine ikatenga fedha zaidi kwa maelfu waliokuwa wamechelewa kuwasilisha madai. Ujirani, basi, haukutosha. Jirani anaweza kumjua mtu vizuri na kwa kumjua huko akamnyima.

Na wapo ambao hata kamati yenye haki isingewaona. Matunda yakipukutika kwa tufani, hasara ya mwenye bustani hupimwa kwa dola. Mchumaji wa kibarua, ambaye angalilipwa kwa ndoo, hasara yake ni ndoo ambazo hakuzijaza, na malipo ya mazao hayamhusu, maana hakuwa na sehemu katika zao lenyewe. Mchuma janga halisi, kwa maana ya neno, hayumo katika orodha ya waliolichuma.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa hizo ni habari za watu wa mbali. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ilipanda, wenye mashamba wa Pemba wakaneemeka, na uzito wa zao ukahamia kisiwa kile. Hapakuwa na tangazo la janga wala fungu la hazina. Walioipanda upya Unguja na kuipanua Pemba kwa mikono yao walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa, ambao kimbunga hakikuwapotezea mti hata mmoja, kwa sababu hawakuwa na mti. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kazi yote ya miaka hiyo ilikuwa yao. Kisha, mwaka 1897, utumwa ulipofutwa kisheria katika visiwa hivi, amri iliyoufuta ilitaja fidia. Fidia hiyo ilikuwa ya mabwana. Aliyekuwa na hati ya kummiliki mtu aliweza kwenda mahakamani akalipwa kwa kumpoteza, na aliyepotezewa umri wake akatoka mikono mitupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huwausia wafanyabiashara. Historia ya fidia yaonyesha kuwa watu nao hupotea vivyo hivyo. Serikali hulipa kile ilichokwisha kukiandika: ekari, magunia, vichwa vya ng'ombe, na zamani zile hata vichwa vya watu. Asiyeandikwa hupata hasara isiyo na jina. Ndiyo maana kazi ya haki katika jambo hili huanza kabla ya janga, siku ya kuandika daftari, wakati ambapo hakuna anayelia na hakuna anayetazama.

Hata mpaka wa wa kwao haujatulia. Siku hizi wataalamu wanasema kwamba joto la dunia lililotokana na moshi wa viwanda na magari limeongeza ukali wa ukame na mvua katika sehemu nyingi. Ikiwa ni hivyo, methali imepinduka. Kwa wahenga, mchuma janga na wala janga walikuwa wa nyumba moja. Sasa yupo achumaye upande mmoja wa dunia na waliao upande mwingine, na hawajuani. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzifidia nchi zinazoathirika kwa hasara na madhara ya tabianchi, na mwaka 2023 huko Dubai mfuko huo ukapewa utaratibu wa kazi. Hoja zinazosikika dhidi yake ni zilezile za Februari 1887: hapana sheria inayotulazimisha, mtawazoesha kutegemea, na kila mtu ana jirani zake. Majibu nayo ni yaleyale. Jirani wa kisiwa ambacho minazi yake inakufa kwa maji ya chumvi ni kisiwa kingine.

Malipo ya janga, basi, yaitweje? Kuyaita sadaka ni kumdhalilisha mkulima ambaye ngano yake huliwa na wote katika mwaka mwema. Kuyaita haki tupu ni kusahau kwamba haki ina daftari, na daftari limewaacha wengi nje. Huenda jina lake limo tayari ndani ya methali: ni chakula kinacholiwa na wa kwao. Anayeula mkate katika mwaka wa neema amekwisha kuwa wa kwao mkulima, ajue asijue, na mwaka wa makapi ukija hawezi kuondoka jamvini kama mgeni aliyepita njia.

Dola 10,000 za mwaka 1887 zilikuwa za mbegu. Hakuna aliyeomba kulipwa mavuno aliyoyakosa. Waliomba cha kupanda. Mbegu ina sifa moja ambayo fedha haina: anayeipokea hana la kufanya nayo ila kurudi shambani, na jua likiwa kali vilevile, bado atainama, atatifua, atafukia, na atatazama juu.